Linka Inapokataa: Maoni Juu ya Kujaribu Programu kwa Vipande

Vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta katika lugha ya C au C++ hukutana na makosa ya namna tatu. Lipo kosa la sarufi, ambalo kompaila hulinasa na kulitaja pamoja na nambari ya mstari wake. Lipo kosa la mantiki, ambalo hujitokeza programu inapokwisha kuanza kazi na kutoa jibu lisilo kweli. Kati ya hayo mawili lipo la tatu, ambalo vitabu vingi vya kufundishia hulipita upesi kana kwamba halistahili hata ukurasa mmoja, nalo ni kosa la kuunga. Kosa hili aghalabu halionyeshi herufi ya kusahihishwa. Mwanafunzi husoma maandishi yake mara tano, asione kilichokosewa, kisha huhitimisha ama kwamba mashine imeharibika, ama kwamba yeye mwenyewe hakujaliwa kipaji. Yote mawili si kweli.

Jambo linalosikitisha ni kwamba kosa hili hupenda kujitokeza siku ile hasa mwanafunzi anapoanza kufanya jambo jema, yaani kuijaribu programu yake kipande kwa kipande badala ya kuitazama tu ikienda na kuridhika. Kwa kuwa huadhibiwa siku ya kwanza, wengi huyaacha majaribio wasiyarudie tena. Ni maoni yangu kwamba lawama hapa si ya mwanafunzi, wala si ya lugha ya C. Ni ya sisi tunaofundisha, kwa sababu tumeificha hatua nzima ya kazi nyuma ya kitufe kimoja.

Tuchukue mfano ulio karibu na maisha ya shule. Tuseme mwanafunzi ameandika programu ya kupanga matokeo ya mtihani, na ameiweka yote katika faili moja liitwalo matokeo.c. Ndani yake imo fanksheni iitwayo wastani, inayopokea alama na idadi yake na kurudisha wastani. Na imo pia main, yaani fanksheni ambayo kila programu ya C huanzia. Ndani ya wastani ameandika kwamba jumla igawanywe kwa idadi, na vyote viwili amevitangaza kuwa namba kamili. Sasa, katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, sehemu ya desimali hutupwa. Alama 44 na 45 zina wastani wa 44.5, lakini programu hii itatoa 44. Ikiwa shule hukadiria nusu kwenda juu na kiwango cha kufaulu ni 45, basi yupo mtoto atakayeandikiwa kwamba ameshindwa ilhali amefaulu. Programu haitapiga kelele wala haitasimama. Itachapa orodha safi, yenye mistari iliyonyooka, nayo itabandikwa ukutani.

Jaribio la kipande lingelifichua kosa hili kwa mistari minne. Mwanafunzi angeandika faili la pili, jaribio.c, linaloiita fanksheni ya wastani kwa alama 44 na 45 na kuuliza kama jibu ni 44.5. Hilo ndilo jaribio la kipande: kuchukua sehemu ndogo ya programu, kuipa kitu ambacho jibu lake tunalijua, na kulinganisha. Wala si anasa ya shuleni. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita huko Marekani na Canada kipimo cha mionzi kilichozidi mno, na baadhi yao walifariki. Nancy Leveson na Clark Turner, walioandika uchunguzi wao mwaka 1993, walieleza kwamba majaribio ya programu yake kwa vipande yalikuwa machache sana, na kwamba nguvu nyingi ziliwekwa katika kuijaribu mashine ikiwa nzima. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za ujenzi wa mashine na za uongozi, lakini hiyo ni mojawapo, na inatosha kumwonyesha mwalimu kwa nini jambo hili si la kuachwa.

Basi mwanafunzi wetu anaandika jaribio.c, ndani yake anaweka main yake mpya, kisha anaamuru kompaila ilijenge faili hilo. Linka inajibu: “undefined reference to `wastani'”, maana yake, jina wastani limetajwa lakini halikuonekana mahali popote. Anafikiri kidogo, anakumbuka kwamba fanksheni hiyo imo katika matokeo.c, naye analiongeza faili hilo katika amri. Linka inajibu tena, safari hii kwa malalamiko ya kinyume: “multiple definition of `main'”, yaani main imefasiliwa mara mbili. Akiliacha faili la matokeo, jina linakosekana. Akilichukua, jina linazidi. Hapo ndipo wengi huchoka na kulifuta jaribio.

Ili kumtoa hapo, lazima tumweleze linka ni nini. Kompaila haijengi programu. Kompaila husoma faili moja la C, peke yake, bila kujua kwamba kuna mafaili mengine duniani, na kulifasiri kuwa faili la kati lenye lugha ya mashine; katika Unix na Linux faili hilo huishia kwa herufi o. Ikikutana na jina la fanksheni iliyotangazwa tu, bila kuwa na mwili wake, haifanyi hila yoyote. Huacha nafasi tupu, na kuandika pembeni kwamba hapa panahitajika anwani ya fulani. Kwa hiyo kila faili la kati hubeba orodha mbili za majina: orodha ya “ninayo” na orodha ya “naitaka”. Kazi ya linka ni kuyakusanya mafaili yote iliyopewa, kulinganisha orodha hizo, na kujaza kila nafasi tupu kwa anwani ya kweli. Kanuni zake kuu ni mbili tu. Kila jina linalotakiwa lazima lipatikane. Na lisipatikane zaidi ya mara moja.

Mwanafunzi akizishika kanuni hizo mbili, makosa karibu yote ya kuunga huwa ni habari, si laana. Linka haisemi kwamba umekosea hesabu wala sarufi. Inasema orodha hazikulingana, na inalitaja jina lenyewe.

Inafaa kukumbusha kwamba kazi hii ya kuunga ni kongwe kuliko kompaila zenyewe kama tunavyozijua leo. Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyoanza kazi Mei 1949, ilikuwa na maktaba ya vipande vya programu vilivyotobolewa katika tepe za karatasi. David Wheeler alibuni amri za mwanzo zilizoziwezesha tepe hizo kusomwa na kurekebishiwa anwani zake kulingana na mahali zilipowekwa katika kumbukumbu ya mashine. Mwaka 1952, Grace Hopper huko Marekani alikuwa na programu iitwayo A-0, ambayo ilichukua vipande kutoka katika maktaba kwa nambari zake na kuvipanga kuwa programu moja. Jina la kompaila linatokana na kitendo hicho cha kukusanya. Kwa kweli A-0 ilifanana zaidi na linka ya leo kuliko kompaila ya leo. FORTRAN ilipotoka mwaka 1957 ilifasiri maandishi yanayokaribia hisabati. Toleo lake la pili, la mwaka 1958, likawezesha vipande kufasiriwa kila kimoja kwa wakati wake na kuungwa baadaye. Historia hii naitaja kwa kusudi: waanzilishi waliona kuunga kuwa ndiyo kiini cha kazi. Sisi tumeifanya kuwa tanbihi.

Turudi kwa mwanafunzi aliyekwama. Tiba yake ni kuligawa faili la matokeo. Fanksheni ya wastani na wenzake wahamie katika faili lao, wastani.c, na matangazo yao yawekwe katika wastani.h. Faili la tatu, kuu.c, libaki na main peke yake, nayo iwe fupi kadiri iwezekanavyo, isome alama, iite fanksheni, ichape majibu, basi. Programu halisi sasa huungwa kwa kuu.o na wastani.o, jaribio huungwa kwa jaribio.o na wastani.o. Kila upande una main moja, na kila upande una wastani mmoja. Hakuna mstari hata mmoja wa hesabu uliobadilishwa.

Tazama lililotokea. Linka ilikuwa ikimwambia mwanafunzi jambo kuhusu mpangilio wa kazi yake: kwamba alikuwa amefunga pamoja hesabu na mazungumzo na mtumiaji, hata isiwezekane kuchukua kimoja bila kingine. Hilo ndilo kosa hasa, na lilikuwapo kabla jaribio halijaandikwa. Jaribio lilikuwa mtumiaji wa pili wa fanksheni ya wastani, na mtumiaji wa pili ndiye hufichua kama kitu kimefungwa mahali pasipostahili.

Kwa sababu hiyo nina shaka na njia za mkato zinazosambazwa miongoni mwa wanafunzi. Njia moja ni kuandika katika jaribio.c amri ya kulimeza faili zima la matokeo.c, nyingine ni kuizima main ya asili kila unapotaka kujaribu na kuirudisha baadaye. Hiyo ya pili haifai kabisa, kwa maana kinachojaribiwa si kile kitakachotumika, na iko siku mtu atasahau kurudisha. Ya kwanza ina mahali pake. Fanksheni iliyoandikwa “static” katika C haionekani nje ya faili lake. Linka hairuhusiwi kuiunga na mafaili mengine, na hilo si kosa bali ni ulinzi uliokusudiwa. Ukirithi programu ya zamani iliyojaa fanksheni za namna hiyo, kulimeza faili lake ndani ya jaribio huenda ikawa njia pekee ya kuanza. Ila aifanyaye asiliunge tena faili hilohilo kando, maana kila jina lisilo la siri litakuwa limefasiliwa mara mbili. Kwa programu mpya ya mwanafunzi sioni udhuru. Fanksheni za siri zijaribiwe kupitia zile za wazi zinazozitumia; na kama haiwezekani, pengine hazistahili kuwa za siri.

Chombo cha kumfundishia haya hupatikana bure katika Linux, nacho huitwa nm. Ukikipa faili la kati, huchapa majina yaliyomo na herufi moja kando ya kila jina. Herufi T kubwa maana yake fanksheni imo humu na inaonekana kwa wengine. Herufi t ndogo maana yake imo lakini imefichwa. Herufi U maana yake inatakiwa na haimo. Mwalimu akimwonyesha mwanafunzi jaribio.o lenye U kando ya wastani, na wastani.o lenye T kando ya jina hilohilo, atakuwa amefundisha kwa dakika tano kile ambacho maelezo ya saa nzima hayakifikishi. Nathubutu kusema kwamba nm inastahili kutangulia chombo chochote cha majaribio katika mtaala.

Yako makosa mengine ya jamii hii ambayo mwalimu ajiandae nayo.

La kwanza ni la maktaba. Maktaba ya kawaida, ile inayoishia kwa herufi a, ni furushi tu la mafaili ya kati. Linka ya GNU huyasoma majina yaliyo katika amri kutoka kushoto kwenda kulia, na ikifika kwenye furushi huchukua yale tu ambayo kwa wakati huo yamekwisha kuombwa. Ukiitaja maktaba kabla ya jaribio linaloitumia, linka hupita humo kama mtu aliyekwenda sokoni kabla ya kuuliza nyumbani kumepungua nini: hurudi mikono mitupu, kisha huambiwa chumvi imekwisha, wala hairudi tena sokoni. Dawa yake ni kuitaja maktaba baada ya anayeihitaji. Mwanafunzi asiyejua hili huapa kwamba maktaba ameitaja, na ni kweli ameitaja.

Ndugu yake ni fumbo la kipeo cha pili. Mwanafunzi wa GCC katika Linux huandika sqrt ya 2.0 moja kwa moja na programu inaungwa bila taabu. Kesho yake anaandika jaribio ambamo sqrt inapewa namba iliyosomwa kutoka katika orodha, na linka inakataa kwamba haiijui sqrt. Siri ni kwamba siku ya kwanza kompaila ilijikokotolea jibu yenyewe kwa kuwa namba ilikuwa imeandikwa waziwazi, na jina sqrt halikufika kwa linka kabisa. Siku ya pili limefika, na maktaba ya hisabati haikuombwa. Kuongeza “-lm” mwishoni mwa amri kunamaliza kesi. Ninalipenda fumbo hili kwa sababu linalazimisha darasa kutenganisha kompaila na linka akilini, na linafaa kutolewa kabla ya jibu lake.

Upo pia mkanganyiko wa C na C++. Vyombo vingi vya majaribio vinavyopendwa leo, kama GoogleTest, vimeandikwa kwa C++, ilhali msimbo wa mwanafunzi huenda ni wa C. Kompaila ya C++ huruhusu fanksheni mbili kuwa na jina moja mradi zinapokea vitu tofauti, na ili linka isizichanganye, hulipamba jina kwa alama za vitu hivyo. Fanksheni ambayo C huiandikia linka kuwa wastani, C++ ya GCC huiandika _Z7wastaniPKii, ambapo 7 ni idadi ya herufi za jina, na zifuatazo ni dalili za vinavyopokelewa. Jaribio likitafuta jina lililopambwa na faili la C likawa na jina tupu, hawatakutana kamwe, japokuwa kwa macho ya binadamu ni jina lilelile. Dalili yake ni hii: katika malalamiko ya linka, jina hufuatwa na mabano yenye aina za namba. Ukiona mabano, jua anayelalamika anatafuta jina la C++. Matangazo ya fanksheni za C yafungwe ndani ya extern "C" yanaposomwa na C++, nao watakutana.

Tena kuna wale wanaoweka fasili nzima ya fanksheni au ya kigeu ndani ya faili la matangazo. Maadamu programu ina faili moja tu la C, hakuna linaloharibika. Jaribio linapoongezwa, mafaili mawili yanalisoma tangazo hilo, kila moja linabeba nakala yake, na linka inakataa. Wanafunzi hujibu kwamba wameweka kinga ya kuzuia faili lisisomwe mara mbili. Kinga hiyo huzuia kusomwa mara mbili ndani ya faili moja la C. Haina mamlaka juu ya faili jirani. Walimu waliojifunza zamani nao watahadhari: kwa miaka mingi GCC iliwavumilia waliokitangaza kigeu kimoja cha jumla katika mafaili mawili ya C bila kukipa thamani, ikaviunganisha kimyakimya. Tangu toleo la 10, la mwaka 2020, uvumilivu huo umekoma kama hukuomba, na programu zilizoungwa vizuri kwa miaka ishirini zikaanza kukataliwa. Binafsi nauunga mkono uamuzi huo.

Na yule anayeona kwamba jina lililokosekana ni main, tena anayeitaka ni “_start” ambayo hakuiandika? Huyo amesahau kwamba programu huanzishwa na kipande kidogo kinachotolewa na mfumo wenyewe, nacho ndicho huita main. Ameunga vipande vya jaribio bila mlango wa kuingilia. Aandike main, au aunge maktaba ya chombo cha majaribio iliyo na main yake.

Hadi hapa nimesema kama kwamba linka ni askari wa kukataza tu. Lakini anayeielewa huigeuza kuwa msaidizi. Tuseme programu ya matokeo huuliza saa ya mashine ili ijue kama siku ya mwisho ya kuingiza alama imepita. Utaijaribuje? Huwezi kusubiri hadi Desemba. Weka fanksheni ya kuuliza saa katika faili lake, saa.c, halafu uandike faili jingine, kaimu_saa.c, lenye fanksheni ya jina hilohilo, ambayo daima hujibu tarehe unayoitaka. Katika programu halisi unga saa.o, katika jaribio unga kaimu. Linka haijali nani amekalia kiti, mradi kiti kina mtu mmoja na jina lake ni lile lililotakiwa. Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu programu za kurithi, ameieleza njia hii ya kubadilisha tabia ya programu mahali pa kuungia bila kugusa maandishi yake. Wengi wanaozijua njia za gharama kubwa zaidi hawaijui hii, ambayo haihitaji chombo chochote cha ziada.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kwa nini tusiwafundishe vijana lugha kama Python, ambayo haina hatua hii, tukaepuka taabu yote? Kwa anayeanza, nakubali, tena bila kinyongo. Mwaka wa kwanza si wa linka. Lakini Python yenyewe, ile inayotumiwa na wengi, imeandikwa kwa C, na maktaba zake za hesabu kubwa zimejaa msimbo uliofasiriwa na kuungwa. Mfumo wa Linux umeandikwa kwa C. Vifaa vidogo vinavyopima joto na kuendesha pampu huandikiwa kwa C zaidi kuliko kwa lugha nyingine. Nchi inayotaka vijana wake watengeneze vitu hivyo, wasivinunue tu, haiwezi kuwaacha nje ya chumba hicho. Zaidi ya hayo, nadhani sehemu ya tatizo imetoka hukohuko kwenye lugha nyepesi. Desturi ya kisasa ya majaribio ya vipande ilikuzwa na Kent Beck katika Smalltalk, na ikaenea kwa JUnit aliyoiandika na Erich Gamma kwa ajili ya Java mwaka 1997. Katika lugha hizo majina hutafutwa programu inapokwenda, wala hakuna linka ya kumsimamisha mtu mlangoni. Vitabu vya majaribio vilivyofuata vilirithi ukimya huo, na mwanafunzi wa C akavisoma akidhani kwamba taabu yake ni yake peke yake.

Somo hili halihitaji hata maabara. Shule isiyo na mashine za kutosha inaweza kulifundisha kwa kadi katika kipindi kimoja cha dakika arobaini. Kila mwanafunzi wa mstari wa mbele apewe kadi iliyogawanywa pande mbili: kushoto majina aliyo nayo, kulia majina anayoyataka. Mmoja awe linka, asimame mbele ya darasa na kuita majina yanayotakiwa. Aliyenalo ainue mkono, na namba ya dawati lake iandikwe katika nafasi tupu ya aliyeomba. Duru ya kwanza ipangwe vizuri ili kila jina lipatikane. Katika duru ya pili mwalimu amtoe nje mmoja wa wenye majina, na darasa liandike ubaoni malalamiko ambayo linka ingeyatoa. Katika duru ya tatu kadi mbili ziwe na main. Katika ya nne, wachache waketi pamoja pembeni wakiwa maktaba, na linka iwapitie kabla ya kusikia mahitaji ya yeyote. Wanafunzi waeleze wenyewe kwa nini wale wa maktaba hawakuitwa. Duru ya tano ni ya kaimu: mwenye fanksheni ya saa atoke, aingie mwingine mwenye kadi ya jina lilelile lakini jibu la kudumu, na mwalimu aulize ni nani darasani aliyelazimika kubadilisha kadi yake.